Wimbo una mwenyewe: habari ya wazee wanaotupigia muziki wa zamani kwenye harusi



Katika kikao chetu kilichopita, mama mmoja mwanachama alisimama akauliza: kwa nini sanduku la chama limewakopesha wazee wa muziki makuta ya kununua nyuzi za gitaa na bafle moja, na kuna watu hawajaezeka nyumba? Wengi walipiga makofi. Swali lake ni la haki, na mtu wa Ulaya anayetutumia msaada anaweza kuuliza vilevile. Siku ile tulijibu kwa haraka: mkopo ni mkopo, watalipa. Jibu hilo lilikuwa fupi mno. Leo tunaomba ukurasa huu tujibu vizuri, na jibu letu ni la historia.

Wazee wenyewe mnawajua. Hawana jina kubwa. Mmoja hakutoka Kasongo hata siku moja, vita vyote vimemkuta hapa. Wawili wamerudi kutoka Tanzania, wa nne alizeekea Lubumbashi kwenye kazi ya reli. Hawatungi nyimbo. Wanapiga za watu: za Franco, za Kabasele, za Maquis, za Mazembe, za Remmy. Vijana wanawaita "wazee wa kopi", na wanacheka. Lakini harusi ikiwa na wazazi ndani, ni wao wanaoitwa.

Harusi iliyotufungua macho

Kiangazi kilichopita tulialikwa kwenye harusi moja. Upande wa bwana harusi ni watu waliorudi. Upande wa bibi harusi ni watu waliobaki. Kati ya jamaa hizo mbili kuna kesi ya shamba: wenye kurudi walikuta shamba lao linalimwa na wengine, na hao wengine wanasema, "Tulililinda miaka yote, mulikuwa wapi?" Kesi kama hizo tunazo nyingi katika daftari letu, hamhitaji kuambiwa.

Basi ukumbini watu walikaa pande mbili kama mkutano wa siasa. Waliorudi walipaza sauti: "Mzee, mutupigie Maquis!" Waliobaki wakajibu: "Hapana, Franco kwanza!" Wazee wakapiga kidogo huku, kidogo kule, na kila wimbo ulichezwa na upande mmoja tu. Halafu mpiga solo akaanza "Shauri Yako". Ukumbi wote ulisimama. Na hapo ubishi ukageuka. Hawa wanasema wimbo huu ni wa Nairobi, wa Super Mazembe, tuliusikia kambini. Wale wanasema hapana, ni wa huku, tuliusikia redioni kabla ya nyinyi kukimbia.

Mzee alisimamisha muziki, akashika maikrofoni. Alisema wote wawili wamesema kweli nusu. Mazembe waliutangaza, lakini mwenye wimbo ni Nguashi Ntimbo, aliyeuimba na Orchestre Festival du Zaire. "Musicheze wimbo wa mutu bila kumutaja," akamaliza, na muziki ukaendelea. Tangu siku ile neno hilo halijatutoka kichwani. Tulianza kwenda kwa wazee jioni, kuuliza na kuandika. Mengi ya historia hii tuliyasoma wenyewe chuoni na vitabuni. Lakini njia ya kuyapanga tumeipata kwao.

Njia ya lugha, njia ya gitaa

Wazee wanasema ukitaka kujua muziki wetu ulipita wapi, angalia kwanza lugha yetu ilipita wapi. Kiswahili kilifika Lualaba na misafara iliyotoka pwani, wakati wa Tippu Tip, na Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa watu hao hadi majeshi ya Dhanis yalipouchukua mnamo Aprili 1893. Misafara ile ilikuja na lugha na dini, ikachukua pembe za ndovu na watumwa. Hatuisifu. Lakini ilifungua njia ya mashariki, na njia ikishafunguliwa haifungwi na aliyeifungua peke yake.

Baadaye ikaja njia ya kusini. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, na mwaka 1915 reli nyingine ikafika ziwani, Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali, hata Maniema. Babu zetu walipanda gari la moshi kwenda kuchimba shaba. Huko walikutana na watu wa kila kabila, na lugha ya kuelewana kazini ikawa Kiswahili.

Ndani ya kambi zile za wafanyakazi gitaa lilipata makao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi, kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ukapita mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco na mwenzake Edouard Masengo walikuwa Nairobi wakiimba matangazo ya dawa ya Aspro. Hao ni watangulizi. Mtu wa Katanga anaimba Kiswahili chake, na mtu wa Nairobi anamwelewa bila mkalimani: mlango ulikuwa wazi tayari.

Kopi si aibu

Hapa tuseme neno kwa vijana wanaocheka "wazee wa kopi". Rumba yenyewe ilianza kwa kopi. Watu wetu, wengi wao wa upande wa Kongo ya chini, walipelekwa utumwani Cuba na ngoma zao vichwani. Huko ngoma zilichanganyika na gitaa la Wahispania. Katika miaka ya 1930 na 1940 sahani za muziki wa Cuba, zile zilizoandikwa herufi GV, ziliuzwa Léopoldville, na wanamuziki wa huko wakazikopi, wengine wakiimba Kihispania bila kukijua. Walikopi mpaka wakaanza kusema yao. Wendo Kolosoy alitoa "Marie-Louise" mwaka 1948 pamoja na Henri Bowane. Kabasele na African Jazz walitoa "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, wakati wakubwa wetu wako Brussels kwenye Meza ya Duara. Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mwaka 1956. Na Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kwa hiyo kitu kilichukuliwa kwa nguvu, kikakaa ugenini, kikarudi kimebadilika, na waliobaki wakakitambua kuwa ni chao. Sisi wa chama hiki tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Na kupiga wimbo wa mtu si kazi ndogo. Hakuna karatasi yenye noti. Mzee anausikiliza wimbo kwenye kaseti, leo kwenye simu, mara nyingi. Mwenye besi anashika mstari wake, mwenye ritimu anashika wake. Anayefuata ni mi-solo, gitaa lile la katikati linalofunga ritimu na solo. Mwisho anaingia solo. Sauti za waimbaji zinapangwa mbili au tatu. Kisha ni lazima wajue wapi wimbo unatoka kwenye sehemu ya polepole, ya maneno, na kuingia sebene, maana hapo ndipo bibi harusi anainuka na watu wanaleta noti kuwatunza. Ukiingia sebene mapema umeharibu wimbo. Ukichelewa, watu wamekaa. DJ anabonyeza tu, wimbo unakwisha ulivyokwisha. Mzee anaangalia ukumbi: mama mkwe bado anacheza, basi sebene inaendelea mpaka achoke.

Waliotoka

Miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa mashariki na kusini mwa Zaire walitoka. Kinshasa ilikuwa mbali, na huko ndiko zilikokuwa nguvu zote za muziki. Nairobi kulikuwa na studio na kiwanda cha sahani. Dar es Salaam kulikuwa na kumbi zilizojaa. Baba Gaston, jina lake Ilunga wa Ilunga, alipita Dar akafika Nairobi mwaka 1975. Mwaka 1976 wanamuziki wake kadhaa walimwachia wakaanzisha Les Mangelepa. Super Mazembe walitoka Lubumbashi, nao walifika Nairobi mwaka 1974. Maquis du Zaire walikaa Dar, na mitindo yao, kama "Kamanyola bila jasho" na "Ogelea piga mbizi", ilichezwa na watu ambao hawajawahi kuiona Zaire.

Katika hao, mmoja ni mtoto wa mkoa wetu. Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye dunia inamjua kama Remmy, alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947. Alianza kupiga mahotelini angali kijana mdogo. Mwaka 1978 alikwenda Dar kwa mjomba wake Makassy, akaingia Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Matimila. Aliimba habari za maskini, za kifo, za ugonjwa wa ukimwi, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anaelewa. Albamu yake ya mwaka 1989, "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za mtu maskini, ilirekodiwa Uingereza. Alikufa Dar tarehe 13 Desemba 2010, na hadi leo kuna kituo Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Hakurudi Maniema kukaa. Nyimbo zake zimerudi, zimebebwa na watu wetu katika mikoba ya kambi.

Wimbo mmoja wa Super Mazembe unaitwa "Kasongo". Vijana wengi hudhani umeimbwa kwa ajili ya mji wetu. Sivyo. Kasongo wa wimbo ni jina la mwanamume, na mke wake anamwita kwa Kilingala arudi nyumbani. Lakini fikirieni nani walioimba: vijana walioacha nyumba zao Katanga, wako Nairobi, wanaimba sauti ya mke anayemwita mume arudi. Mwaka 2024 wimbo huo ulifufuka huko Kenya kwenye simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Kwetu hapa haukuwa umekufa. Wazee wanaupiga mwisho wa sherehe, na mama waliongoja waume miaka mingi wanauchezea polepole. Sisi tunawaangalia na hatusemi kitu.

Ugenini maisha hayakuwa laini. Katikati ya miaka ya 1980 vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni Kenya vilikuwa vigumu, na bendi nyingi zilivunjika. Waliobaki wakashika kazi ya kupiga zilezile nyimbo za ujana wao kwenye kumbi na sherehe. Watanzania wakaziita zilipendwa, Wakenya zilizopendwa. Them Mushrooms, bendi ya pwani iliyozoea kupigia wageni mahotelini, walitoa kanda nzima za zilizopendwa, wakiunganisha wimbo na wimbo bila kupumzika. Na Les Mangelepa, wazee sasa, mwaka 2017 walitoa albamu waliyoiita "Last Band Standing", maana yake bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Miaka 40 na zaidi tangu wamwachie Baba Gaston.

Kambini

Halafu ikaja zamu yetu sisi wengine kutoka. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na Lugufu mwaka 1997. Watu wa Fizi walikuwa wengi huko, na watu wa Kabambare walipita njia ileile hadi ziwani. Waliofika walikuta muziki wa Kongo umetangulia: katika redio ya muuza duka wa Kigoma anaimba Mkongomani, kwa Kiswahili. Mzee wetu mmoja anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza alipoacha kulia. Alitafuta gitaa, alikosa, akatengeneza moja kwa bati la mafuta ya msaada na waya wa breki ya baiskeli. Kwa gitaa hilo walipigia harusi za kambini, malipo yakiwa unga na maharage.

Wale waliobaki hapa nao hawakuwa kimya. Wakati njia za Kasongo zilikuwa zimefungwa na chumvi ilikuwa ya kubebwa kwa baiskeli kutoka mbali, mzee asiyetoka alikuwa na gitaa lenye nyuzi tatu. Alipigia matanga zaidi kuliko harusi. Nyimbo alizozishika ni za OK Jazz, kwa sababu ndizo zilizokuwa kichwani kabla ya betri kwisha.

Mwaka 2005, mwezi wa Oktoba, meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Miaka iliyofuata wengine walirudi kwa njia zao, na wengine walikimbia tena kutoka Kabambare na kurudi tena. Wazee hawa wanne walipokutana Kasongo, kila mmoja alikuwa na nusu ya nyimbo. Aliyetoka hakujua mpangilio wa huyu aliyebaki. Huyu hakujua Maquis. Walifundishana mwaka mzima. Chama chetu tumefanya semina nyingi za kuishi pamoja, na ripoti tumeandika. Hawa walifanya kazi hiyo bila semina.

Kumtaja mwenyewe

Sasa turudi kwenye neno la mzee: musicheze wimbo wa mutu bila kumutaja.

Historia ya nyimbo hizi imejaa majina yaliyopotea. "Malaika", ambao hakuna harusi isiyoupiga, na unaohusu kijana aliyekosa mahari, ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ukaimbwa na Miriam Makeba na Boney M, lakini Adam Salim alisema hadi uzee wake kwamba ni yeye aliyeutunga mwaka 1945. "Shauri Yako" unaujua ulimwengu mzima, na Nguashi Ntimbo wanamjua wachache. Nchini kwetu kuna sheria ya haki za mtunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, na tangu mwaka 2011 kuna SOCODA, shirika la watunzi. Bendi ya wazee wanne kwenye harusi ya kijijini haiwezi kulipa kama redio ya Kinshasa inavyoweza. Lakini kutaja jina hakugharimu franka.

Na mnaona tunakokwenda. Kesi zetu za mashamba mara nyingi hazianzi na ukubwa wa shamba. Zinaanza na mtu anayelima kana kwamba hakukuwa na mwenyewe. Au na mwenyewe anayerudi kana kwamba hakukuwa na aliyelilinda. Mazembe hawakuiba "Shauri Yako". Waliubeba, wakauweka hai, wakaufikisha mbali kuliko mwenyewe alivyoweza. Wana sehemu yao katika wimbo ule. Nguashi Ntimbo naye ana yake, na ni ya kwanza. Mzee aliwapa wote haki yao kwa sentensi mbili.

Hatutawadanganya kwamba kesi ya zile jamaa mbili iliisha usiku ule. Bado iko kwa chifu. Ila kikao kilichofuata, mzee wa upande wa waliobaki alianza kwa kusema jina la marehemu aliyefyeka shamba lile mara ya kwanza, na jamaa ya waliorudi ikasikia. Baada ya hapo walizungumza. Tumefuatilia kesi miaka kadhaa, na mara chache tumeona mtu akianza hivyo.

Tunachoomba

Mama aliyeuliza swali, tunakushukuru. Jibu letu ni hili. Mkopo unalipwa: kila sherehe, sehemu ya malipo inaingia sandukuni kabla wazee hawajagawana, na mweka hazina atasoma hesabu mbele yenu kila kikao. Wakikosa, tutasema wamekosa. Nyumba ambayo haijaezekwa haijasahauliwa, na orodha ya mabati iko ubaoni.

Tena tumenunua daftari moja nene. Ndani yake tunaandika kila wimbo wazee wanaoupiga: jina la wimbo, mtunzi, bendi iliyouimba, na wapi mzee aliushika, kama ni Lugufu, Lubumbashi au hapahapa. Mwenye kujua mtunzi ambaye hatumjui, apite ofisini atuambie. Tunarekodi pia kwa simu, maana mmoja wao macho yamekwisha na mwingine vidole vinavimba asubuhi.

Na tunatafuta vijana, wasichana kwa wavulana, watakaokaa na wazee siku ya Jumamosi alasiri. Wameshakuja wachache. Yule aliyekuwa anacheka zaidi "wazee wa kopi" ndiye anayeshika besi sasa. Mzee anamrudisha mwanzo kila akikosea, na kabla ya kuanza anamuuliza: "Wimbo ni wa nani?"

Asipojibu, hapigi.